Taji Juu ya Yai

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Arobaini ya baba imeisha. Miguu imenivimba. Wageni wamekula, wamekunywa, wamelia kidogo, wamekula tena. Mimi nimekula nimesimama karibu na jiko, mkate na kipande cha jibini, kama kawaida ya wanawake wa nyumba hii.

Halafu ikaja ile shughuli. Nilijua itakuja. Padri alipoondoka tu, mzee mmoja wa ukoo akaingia chumbani kwa baba, akaitungua bastola kutoka kwenye msumari wake juu ya kitanda, akambusu Radun mashavu yote mawili, akamkabidhi. Wanaume wakasimama. Radun akaibusu. Akalia! Radun, mdogo wangu, ambaye mwaka huu amepanda huku mlimani Krismasi, Pasaka na siku ya kuzika.

Nani alikuwa akimgeuza baba kitandani? Nani amekuwa akiipaka bastola ile mafuta ya cherehani tangu macho ya baba yalipoingia ukungu? Alikuwa akikaa pale dirishani ananisikiliza ninavyosugua. "Vida, umepaka na kwenye gurudumu la risasi?" Nimepaka, baba. "Na kwenye taji?" Nimepaka na kwenye taji.

Basi leo ni ya Radun. Kwa nini? Kwa sababu ana ndevu. Tena ndevu zenyewe za kubahatisha.

Alipozaliwa yeye, baba alipiga risasi hewani mpaka zikamwishia. Nilipozaliwa mimi, mama alinisimulia, baba aliwasha sigara.

Nikamvuta jikoni. Nikamwambia: Radun, siku inayofuata sikukuu ya nyumba yetu, Mtakatifu Luka, nitashuka mjini kwa wakili, nitie sahihi nikuachie nyumba na malisho, kama dada wote wanavyowaachia kaka zao. Sitabisha. Sitaki kitu. Nataka ile bastola tu.

Akacheka. Wala si kwa ubaya — hilo ndilo lililoniuma. "Dada! Bastola kwa mwanamke? Utaivaa wapi, kwenye aproni?" Akanipapasa bega. Akasema nyumbani nitakaa mpaka nife, nani atanifukuza? Nani, kweli. Mkewe Zorka alikuwa amesimama mlangoni akipima madirisha kwa macho.

Na bastola wameiacha hapa hapa! Zorka haitaki kwenye fleti yao ya Podgorica. Itachukuliwa baada ya sikukuu. Kwa hiyo bastola ni yake, vumbi lake ni langu.


Jumapili, 6 Oktoba

Nimeamka na wivu, nimekunywa nao kahawa. Mvua.


Alhamisi, 10 Oktoba

Radun kapiga simu. Sauti tamu, basi nikajua anataka kitu. Amempata mtu wa jumba la makumbusho, Bwana Velizar, bingwa wa silaha za zamani. Wanaandaa maonyesho ya bastola za enzi za mababu. Radun amemwambia tunayo ya Babu Savo, babu yake baba, aliyekuwa nayo vitani Vučji Do, mwaka 1876, na taji la Mtawala limegongwa juu yake kwa ushujaa. Itawekwa kwenye kabati la kioo na kadi: "Mali ya Radun, kitukuu wa Savo."

Kitukuu wa Savo! Na mimi ni kitukuu wa nani, wa mbuzi?

Ila Bwana Velizar anataka picha za chapa zote, za karibu, kwenye mwanga mzuri. "Dada, wewe uko nayo hapo, hebu mpigie picha kwa simu yako." Ndiyo, bwana mkubwa.

Nimeiweka mezani kwenye kitambaa cheupe, karibu na dirisha. Ni dubwana, ile. Nzito kuliko sufuria ya ugali wa viazi. Haina risasi, na za saizi yake sidhani kama zinatengenezwa tena. Mtutu mrefu, mpini wa mfupa ulioingia rangi ya chai. Upande wa kushoto wa mpini kuna jiwe jekundu kwenye kikombe cha fedha. Baba alisema Savo alilibandua kwenye upanga wa aga, bwana mkubwa wa Kituruki. Taji liko kwenye gurudumu la risasi, dogo kama ukucha wa mtoto. Wageni wote wamelipapasa, limeanza kulika. Chini ya taji kuna duara refu, mfano wa yai, na ndani yake herufi E, L, G. Chini kabisa, kinyota.

Yai na kinyota hakuna aliyewahi kuviuliza. Taji lilitutosha.

Nimepiga, nimetuma. Niliandika "kwa niaba ya Radun." Kisha nikafuta "kwa niaba ya Radun."


Jumamosi, 12 Oktoba

Bwana Velizar amenijibu! Mimi, si Radun. "Bibi Vida, una jicho zuri na mkono usiotetemeka." Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili mwanamke wa umri wangu.

Kisha akapiga simu. Anaongea polepole, kistaarabu, anauliza kabla ya kusema. Kwanza: mtindo wake ni wetu kabisa, bastola kubwa za wanaume wa Montenegro, kila nyumba ilikuwa nayo. Lakini si ya Vienna, kama baba alivyozoea kusema. Imetengenezwa Liège, Ubelgiji. Huko walikuwa wakiziiga kwa wingi na kutuuzia sisi. Lile yai ni chapa ya nyumba ya kupimia silaha ya mji huo. Bila yai, haiuzwi.

Nikamuuliza: na taji?

Akaniuliza kama nimekaa. Nimekaa.

"Taji ni la hao hao wapimaji, Bibi Vida. Zamani yai lilikuwa kichwa wazi. Taji waliliongeza juu yake mwaka 1893. Bastola yoyote yenye yai lililovaa taji imetoka kiwandani mwaka huo au baada yake."

Kwa hiyo si la Mtawala. Si la ushujaa. Ni mhuri wa Mbelgiji fulani aliyefyatua mara moja, akaona haikupasuka, akasema haya, iende!

Tumelibusu lile taji. Padri amelinyunyizia maji ya baraka!

Akasema nisione aibu, nyumba nyingi za huku zinaamini hivyo hivyo. Taji kwetu lazima liwe letu. Akauliza kama amweleze ndugu yangu. Nikasema: niachie mimi.

Mchana nikapanda makaburini. Nilikuwa nimejua tayari, ila nilitaka kuona kwa macho. Jiwe la Savo limeegemea ukuta wa kanisa, nikalipangusa kuvu kwa shali. Aliuawa 1892.

Savo hakuwahi kuishika ile bastola. Alikuwa ardhini ilipoingia nyumbani.


Jumapili, 13 Oktoba

Kanisani niliona nina uso wa furaha, nikauinamisha. Najua ni dhambi. Radun atasimama mbele ya kabati la kioo na Savo wake, na mimi nina 1893 mfukoni. Usisafirie nyota ya mwenzio, ndugu yangu, tena nyota yenyewe ya Ubelgiji.

Lakini kama si ya Savo, ya nani? Mwanawe Mitar, babu yetu, alizaliwa miezi michache baada ya Savo kuuawa. Ndani ya nyumba hapakuwa na mwanamume mwingine. Nani aliinunua?


Jumamosi, 19 Oktoba

Radun na Zorka wamekuja kupima sebule kwa ajili ya wageni wa sikukuu. Zorka ameleta na ule mkanda.

Mkanda! Huo nao ni jeraha la peke yake. Mkanda wa harusi wa mke wa Savo, ngozi nene iliyofunikwa fedha na mawe mekundu kutoka ncha hadi ncha. Mama aliuvaa, na baada ya mama ulikwenda kwa mkwe. Bastola kwa mtoto wa kiume, mkanda kwa mke wake. Binti wa nyumba anabaki na nini? Anabaki na nyumba mpaka afe, kwa hisani yao. Bwana Velizar anataka kuupiga picha pamoja na bastola, kwa hiyo Zorka kaja nao. Akaufunga mbele ya kioo changu, juu ya gauni jeusi la matanga! Akageuka kulia, akageuka kushoto. "Wifi, si umenikaa?"

Umemkaa. Ana kiuno cha nyigu, Mungu ampe mafuta.

"Ila hili pengo," akasema, "linaniudhi. Fundi wa Podgorica anaweza kuniwekea la plastiki."

Pengo nalijua tangu utotoni. Karibu na bizimu kuna kikombe kimoja kilichong'olewa. Waturuki walilichomoa jiwe lake, ndivyo tulivyoambiwa. Waturuki kwetu walichomoa kila kitu kilichopotea, hadi vijiko.

Nilikuwa nimeshika bastola, nikiipangusa kama kijakazi wao. Macho yangu yakaenda kwenye mpini. Yakaenda kiunoni mwa Zorka. Yakarudi. Lile jiwe la aga. Umbo la punje ya haragwe, wekundu wa damu ya mbuzi. Ukingo wa fedha umekatwa meno madogo madogo, na mawe yote ya mkanda yana meno yale yale.

Nikamwambia Zorka, hebu simama. Nikapiga magoti, nikaweka mpini penye pengo.

"Unafanya nini, wifi? Unanitekenya!"

Jiwe lilikuwa saizi ile ile. Si la upanga wala la aga. Limetoka kwenye mkanda wa harusi wa mwanamke wa nyumba hii, na halikuchomolewa na Mturuki. Lilitolewa vizuri, kwa kisu, na mtu asiyetaka kuharibu ngozi.

Nikainuka, nikairudisha bastola kwenye msumari wake. Zorka akaenda kujisifu kwa Radun kwamba wifi yake leo ana wazimu. Radun akapaza sauti kutoka sebuleni: Ijumaa ya tarehe moja, saa nne, kwa wakili, nisisahau kitambulisho.

Sisahau, mdogo wangu.


Jumanne, 22 Oktoba

Nimeshuka Cetinje kwa Shangazi Roksanda, dada wa baba, mkubwa wake. Miaka tisini na kitu, anaishi peke yake na paka mwenye jicho moja. Bastola nilikuwa nayo ndani ya kikapu, nimeizungushia taulo. Kama polisi angenisimamisha ningemwambia ni samaki.

Nikaiweka mezani, nikafunua. Hakuuliza ni nini. Akavuta sigara yake, akaitazama, akaitazama.

"Nani kaileta?"

"Mimi."

"Imerudi kwa wanawake, basi," akasema. "Imechelewa."

Nikamuuliza: Shangazi, ya nani hii?

"Ya Stoja. Ulidhani ya nani?"

Stoja! Dada wa Babu Mitar. Mimi ninachokijua juu yake ni jina tu, tunalitaja tukiwasha mishumaa: Stoja, yule hakuolewa. Basi. Hata picha hakuna.

Nimeandika hapa alivyosimulia, kabla sijachanganya. Savo aliuawa kwa ugomvi wa malisho. Akaacha mjane, binti wa kama miaka kumi na minne, na mimba. Nyumba bila mwanamume! Majirani walishaanza kusogeza mawe ya mpaka. Stoja akakata nywele kwa mkasi wa kondoo, akavaa suruali za baba yake, akaapa mbele ya padri kwamba hataolewa, atakuwa mwanamume wa nyumba. Akachunga, akavuna, akakaa kitako na wanaume, akavuta tumbaku, akanywa nao, akapiga kura nao barazani. Mwanamume kamili enzi zile lazima awe na bastola kiunoni. Basi umri ulipofika akanunua yake. Mitar alipokua na kuoa, watu wakamwambia Stoja, sasa waweza kuvaa sketi. Akawaambia: kiapo si koti.

"Na jiwe?"

"Mama yake alilitoa. Ule mkanda, binti anaufunga siku ya harusi, kabla haujafika kwa mkwe. Stoja siku hiyo hakuwa nayo. Mama akasema, mwanangu hataondoka duniani bila kuvaa hata jiwe moja la mkanda wangu. Akaligongomea hapo. Ukichomeka bastola kiunoni, jiwe linakaa hapa." Akajigusa juu kidogo ya nyonga. "Pale pale penye bizimu."

Nililia. Paka akaondoka.

"Ulimwona, Shangazi?"

"Nilimsugua mgongo! Alinuka tumbaku kuliko baba yangu. Alikuwa na matusi mazuri sana, siku hizi hakuna anayeyajua." Akanitupia mawili matatu. Kweli hayajulikani. Siyaandiki.

Kisha akashusha sauti, wala hakuna aliyekuwa akitusikia. Stoja alipokuwa mgonjwa wa mwisho alimwita yeye, Roksanda, si mdogo wake Jagoš, baba yangu. Akaweka bastola juu ya blanketi. Akamwambia: hii ni ya atakayebaki. Utabaki?

"Na mimi nikasema hapana. Nilikuwa na seremala wangu huku Cetinje, ana masharubu mpaka hapa. Basi akampa baba yako, kwa kuwa baba yako alisema atabaki. Si kwa sababu ya suruali, Vida. Yeye suruali alijua ni kitambaa tu."

"Na masharubu?"

"Aliyanyoa mwaka wa kwanza. Mdomo wenyewe chini yake — bora nisingeuona!"

Tulicheka mpaka akakohoa. Kisha nikauliza lile nililokuwa nikiliogopa. Baba alijua?

"Aliipokea mkononi mwake. Angekosaje kujua?"

Nikasema, na wewe, mbona hukusema miaka yote?

"Nani aliniuliza? Kila Mtakatifu Luka nimekuja kwenu, nimebeba sahani, nimemsikia kaka yangu akiwapa wageni Savo na taji lake. Nilikuwa na wivu, mwanangu. Wivu wa kitu ulichokikataa mwenyewe hauna dawa. Nikasema, abaki na uongo wake, mimi nina ukweli wangu, kila mtu chake kimtoshe."

Nikamwomba aseme mbele ya Radun siku ya sikukuu. Akaangalia dirishani.

"Siku ya sikukuu mimi ni kiziwi. Uliza mtu yeyote. Sema wewe. Wewe ndiye uliyebaki."


Jumatano, 23 Oktoba

Alijua. Miaka yote ananisikiliza nikisugua. "Na kwenye taji, Vida?" Alijua ni ya mwanamke aliyebaki, na mwanamke aliyebaki yuko mbele yake na kitambaa mkononi, na hakusema.

Alimwonea aibu Stoja? Au alinionea mimi huruma? Au aliogopa nitaitaka?

Nina hasira na maiti. Na nina wivu na maiti mwingine! Stoja aliapa, akapewa kiti mezani, wakamwita mwanamume, wakampisha njia. Mimi sikuapa. Nilibaki tu, siku baada ya siku — leo mama mgonjwa, kesho kiwanda nilichofanyia kazi kimefungwa, keshokutwa baba haoni. Kubaki kwa namna hiyo hakuna padri wala risasi hewani. Hakuna hata aliyegundua kwamba nimebaki.


Jumapili, 27 Oktoba

Radun kanisomea kwenye simu maneno ya kadi. Kayaandika mwenyewe. "Bastola ya Savo, shujaa, zawadi ya taji." Anauliza kama "shujaa" iwe kwa herufi kubwa.

Nikasema: Radun, kuna jambo kuhusu taji.

"Umeikwaruza?!"

Nikasema hapana. Nikasema Savo alikufa tisini na mbili. Akasema najua, dada, na vita vilikuwa sabini na sita, hesabu imekaa vizuri. Nikasema sikiliza kwanza. Akasema Zorka anaita, tuongee sikukuu, halafu usisahau kuwaambia majirani waje na viti vyao.

Ningeweza kupaza sauti. Sikupaza. Nusu yangu ilitaka asijue, ili aanguke vizuri mbele za watu. Hiyo nusu naijua, ina macho ya Shangazi.


Alhamisi, 31 Oktoba, Mtakatifu Luka

Naandika nimekaa kwenye kitanda cha baba. Nimefunga mlango. Nina dakika chache tu, nyama ya moshi imeshakatwa, kabichi iko motoni.

Hakuna nyimbo mwaka huu, tuko matangani, lakini watu ni wengi. Mkate wa mtakatifu umekatwa, mshumaa unawaka. Wanaume wamekaa. Sisi tunazunguka na sahani. Shangazi yuko pembeni ya jiko la kuni na glasi yake ya rakija. Kiziwi kama alivyoahidi: Zorka amemuuliza mara nyingi kama anasikia baridi, amejibiwa "Asante, mama yako hajambo?"

Bwana Velizar amekuja. Mrefu, koti la zamani, aliniinamia kichwa mlangoni mbele ya watu wote. Radun akaona. Akakunja uso — heri! Walau leo na yeye aonje.

Kisha Radun akasimama na glasi, akaanza hadithi ya Savo. Wote walikuwa wakiitikia, wanaijua kama sala. Vita, Mtawala, taji, aga, jiwe la upanga. Nilikuwa nyuma yake na sinia. Ana sauti ya baba. Hilo sikulitegemea. Ana ile ile ya kushuka kidogo kwenye "akafa," na mkono unaenda kiunoni hewani, kama wa baba. Macho yalikuwa yamejaa machozi ya kweli. Kwa kitambo kidogo sikutaka kumchukulia kitu chochote.

Akamaliza. Akamgeukia Bwana Velizar: haya, mtaalamu, waambie watu ni ya mwaka gani!

Bwana Velizar akaweka uma chini. Akasema kwa adabu kabisa kwamba chapa zinasema wazi, lakini aliyezisoma kwanza si yeye, ni bibi mwenye nyumba. Afadhali aulizwe bibi mwenye nyumba.

Mwenye nyumba! Jirani mmoja akageuza shingo kumtafuta mama yangu aliyekufa zamani. Zorka alicheka, peke yake. Radun akanitazama na sinia langu, halafu akatabasamu kwa nguvu. "Dada, ilete basi. Watu waione. Halafu utatuambia hayo mliyosomeana." Na akawaeleza wageni kwamba mimi ndiye ninayeitunza, nina mkono mzuri na vitu vya zamani, na kesho tunakwenda mjini kumaliza mambo ya urithi kwa amani, si kama familia nyingine. Wakapiga makofi! Waliipigia makofi sahihi yangu ambayo sijaitia.

Nikaweka sinia chini, nikaingia humu.

Bastola iko kwenye msumari wake. Na kitandani, mahali pa baba, Zorka ameuacha mkanda. Ulikuwa unambana wakati wa kula. Uko wazi, ngozi juu ya blanketi, pengo linanitazama.

Nimeitungua bastola. Mafuta yangu ya jana bado yananukia. Nimevua aproni. Uliuliza nitaivaa wapi, Radun.

"Dada! Wageni wanasubiri!"

Nitawaambia nini? Yai, taji, 1893. Jiwe la kaburi. Stoja. Ni maneno machache, naweza kuyasema kwa pumzi moja. Halafu lile la mwisho, ni ya atakayebaki, na hilo nikilisema kesho siendi kwa wakili, na nisipokwenda sina kaka. Najua. Nimehesabu.

"Vida!"

Na sasa sauti ya Shangazi, kiziwi wangu, kubwa, nyumba nzima imesikia: "Radun, acha kelele. Anavaa."

"Anavaa? Anavaa nini?"

Hakuna anayemjibu. Kiti kimesogezwa, hatua zake hizo ukumbini. Mkanda umekataa tundu la kwanza. Umekataa la pili. La mwisho umekubali, nikibana tumbo. Bastola nimeichomeka, jiwe nje, na limekaa penye pengo kama alivyosema Shangazi. Kitasa kinageuka